Tumbo linauma: lipi la kusubiri kesho, lipi la kukimbia nalo usiku huu

Wadau habari zenu, mimi ni nesi, nimekaa wodi ya upasuaji hapa Mwanza miaka kadhaa, na kinachoniuma ni kwamba wengi wanaotufikia wamechelewa shida haikuwa nauli peke yake, walikuwa hawajui tumbo linawaambia nini. Kwa hiyo leo naandika jinsi ya kulisoma.

Naanza na ngiri maana huku visiwani ndo inatutesa. Ngiri haihusiani na nguvu za kiume kama wauza dawa wa stendi wanavyotangaza. Ni tundu kwenye ukuta wa tumbo, utumbo unapenya hapo, unaona uvimbe kinenani au kitovuni, ukikohoa au ukivuta nyavu unatoka, ukilala chali unarudi. Hata wanawake wanapata. Hakuna dawa ya kunywa inayoziba tundu, iwe ya duka iwe ya miti, linashonwa au linawekewa wavu basi. Kitovu cha mtoto kilichotokeza mara nyingi kinajifunga chenyewe kabla ya miaka 5, msikifunge sarafu jamani, ila uvimbe wa kinenani kwa mtoto huo haujifungi, mpeleke.

Uvimbe ukiwa unarudi na hauumi, panga operesheni yako taratibu. Siku ukigoma kurudi, umekuwa mgumu, unauma na umeanza kutapika, hapo utumbo umebanwa, damu haipiti, masaa machache tu kipande kinakufa. Baba yangu mdogo yalimkuta kambini kwenye dagaa, saa mbili usiku, wenzake kwa nia njema wakamkanda na maji ya moto mpaka kunakucha. Alipona, ila alikatwa utumbo, na mpaka leo nawaza angeletwa usiku uleule ingekuwa kushona tundu tu. Usikande, usiulazimishe kurudi.

Kidole tumbo kina tabia yake. Maumivu yanaanza katikati karibu na kitovu, hamu ya kula inakata, unatapika, halafu ndani ya siku moja hivi maumivu yanahamia chini kulia, ukitembea au daladala ikiruka shimo unashika tumbo. Sio wote wanafuata mpangilio huo, wajawazito na watoto hasa wanatudanganya. Usinywe dawa ya kukufanya uharishe. Na maumivu yakikata ghafla halafu tumbo zima likawa gumu kama ubao, usishangilie, kinaweza kuwa kimepasuka.

Utumbo ukiziba utajua kwa mambo manne: tumbo linakata kwa vipindi, linajaa, unatapika mpaka kijani, na choo hakitoki wala ushuzi. Inaweza kuwa ngiri iliyobanwa, utumbo uliojisokota, uvimbe, au makovu ya ndani ya operesheni ya zamani, ndo maana daktari anauliza kama ulishawahi kupasuliwa, mwambie hata kama ni ile ya uzazi. Utawekewa dripu na mpira wa puani, usiung'oe, unapunguza kujaa. Wengine wa makovu wanafunguka bila kisu.

Halafu taifodi. Maji ya ziwa tunayakunywa bila kuchemsha, homa inakaa wiki mbili tatu unameza vidonge nusu dozi, ghafla tumbo linauma vibaya: utumbo umetoboka. Hiyo ni kupasuliwa, na ni operesheni ngumu. Wengine wanatolewa utumbo nje ya tumbo, choo kinatokea kwenye mfuko, na hapo ndugu wengi wanalia kama msiba. Mara nyingi ni wa muda, unafungwa baada ya wiki au miezi, ngozi ya pembeni ioshwe kwa maji na ikaushwe vizuri.

Damu kwenye choo, watu wote wanasema bawasiri. Inaweza kuwa kweli, damu nyekundu inadondoka baada ya choo bila maumivu, hapo kunywa maji, kula matembele na maharage, usikae chooni na simu. Ila huku kwetu pimeni choo, kichocho cha tumbo kipo ziwani na dawa yake ipo. Na kama unakonda, choo kimebadilika au umeishiwa damu mwilini, usikubali kupewa tyubu ya kupaka peke yake, omba kuangaliwa ndani, saratani ya utumbo mpana nayo inatoa damu.

Usafiri: ukiwa Ukerewe anza hospitali ya wilaya pale Nansio, usisubiri meli ya asubuhi ukiwa nyumbani. Wa Sengerema tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 kivuko sio kisingizio tena. Tumbo likiwa la dharura usile wala kunywa njiani, hata uji, maana dawa ya usingizi haitaki tumbo lililojaa. Njoo na ndugu wa kutoa damu, na taja kila dawa uliyokunywa, ya kienyeji pia, hatutakugombeza.

Baada ya operesheni simama mapema, ukikohoa bana mto kwenye kidonda, na nesi akikuuliza kama umejamba usione aibu, tunataka kujua utumbo umeamka. Kuvuta nyavu na kubeba ndoo subiri wiki 6 hivi. Kidonda kikitoa usaha, kikivimba au ukipata homa rudi siku hiyohiyo, usisubiri tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye karatasi.