Jinsi ya kukielewa kisiwa cha Montserrat kwa karatasi moja na penseli

Kuna siku nilikuwa kwenye chemsha bongo ya mtaani, likaja swali mji mkuu wa Montserrat, kile kisiwa kidogo cha Karibea, ni upi, mi nikajibu Brades kifua mbele kabisa, nikanyimwa pointi, jibu lao lilikuwa Plymouth. Nilibisha mpaka watu wakanichoka. Kurudi nyumbani nikasoma, kumbe wote tulikuwa sawa na wote tulikuwa tumekosea, maana Plymouth ndo mji mkuu kwenye makaratasi ila hakuna hata mtu mmoja anaeishi pale, na Brades ndo zilipo ofisi za serikali ila kwenye makaratasi haujapewa hicho cheo. Toka siku hiyo nina njia yangu ya kukielewa hiki kisiwa, na mpwa wangu nimemfundisha hiyo hiyo: unakichora. Usianze kukariri, utasahau kesho. Kuna mstari mmoja tu pale ambao ukishauchora ndo unakueleza kwa nini watu wako wapi, ndege zinatua wapi, na mpaka kura zinapigwa vipi.

Angalizo kabla hujaanza, ukitafuta picha mtandaoni utaletewa mlima wa mawe na monasteri kubwa, hiyo ni Montserrat ya Hispania kule Catalonia, sio yetu. Ila zina undugu, Columbus alipopita hapa mwaka 1493 ndo alikipa kisiwa jina la ile monasteri. Wenyeji waliokuwepo kabla yake walikuwa na jina lao, Alliouagana, maana yake inaelezwa kuwa ni nchi ya vichaka vya miiba. Kwa hiyo ukitafuta ongeza neno Karibea utapona.

Haya, chukua karatasi ya daftari, isimamishe. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 16 na upana wa kama 11, kwa hiyo sentimita moja iwe kilomita moja na kinaingia vizuri tu. Umbo lake ni kama parachichi lenye shingo, shingo juu kaskazini, tumbo chini kusini. Eneo lote ni kilomita za mraba 102 hivi, yaani Pemba peke yake ingemeza visiwa kama hivi tisa na chenji ikabaki. Juu kulia nje ya parachichi andika Antigua, iko kilomita kama 43 na ndo mlango, karibu kila anaekuja Montserrat anapitia huko. Chini kulia andika Guadeloupe ambayo ni ya Ufaransa. Juu kushoto weka Nevis.

Sasa milima, chora vichuguu vitatu kutoka juu kushuka. Cha kwanza kidogo kwenye shingo, Silver Hills. Cha pili katikati, Centre Hills, hiki ndo chenye msitu na maji, na ndo anakoishi ndege wao wa taifa mwenye tumbo la njano, ambae duniani kote hapatikani kwingine. Cha tatu kikubwa kuliko vyote kwenye tumbo la parachichi, kama sentimita tano kutoka chini, Soufrière Hills. Hicho kipake rangi nyekundu. Halafu kutoka hapo nenda kushoto sentimita nne mpaka pwani, weka nukta, andika Plymouth. Angalia huo umbali. Sentimita nne. Mji mkuu wenye bandari, hospitali, maduka, kila kitu, ulijengwa kilomita nne kutoka mdomo wa volkano, na kwa karne nyingi watu waliishi hivo hivo kwa sababu ule mlima haukuwa umelipuka.

Tarehe 18 Julai 1995 ukaamka. Hapa watu wengi wanaelewa vibaya kwa hiyo nikae kidogo. Watu wa Goma wanaijua lava ya Nyiragongo, ile ya 2002 iliingia mjini ikitiririka kama uji, ikachoma mitaa lakini wengi waliwahi kuikimbia. Ya Montserrat sio ya hivo. Huku mwamba ulioyeyuka ni mzito mno, hautiririki, unajirundika pale pale mdomoni kama ugali uliopinduliwa kwenye sinia, unapanda, unapanda, mwisho upande mmoja unaporomoka, na ukiporomoka linatoka wingu la gesi ya moto na jivu na mawe linashuka bondeni kwa kasi kuliko gari la barabara kuu. Hilo hulikimbii. Tarehe 25 Juni 1997 likashuka hivo upande wa kaskazini mashariki likaua watu 19, wengi wao walikuwa wamerudi kuangalia mashamba yao kwenye eneo ambalo tayari lilikatazwa, na lilifika karibu kabisa na uwanja wa ndege wa zamani, huo ndo ukawa mwisho wa ule uwanja. Agosti mwaka huo huo ikawa zamu ya Plymouth, mji ukaungua, watu walikuwa wameshahamishwa. Miaka iliyofuata matope na jivu vikaendelea kushuka kila mvua kubwa ikipiga, leo kuna nyumba za ghorofa pale unaona ghorofa ya juu tu imechomoza, ukisimama nje juu ya matope miguu yako iko usawa wa ghorofa ya pili.

Na sasa ndo ule mstari. Weka penseli pwani ya kushoto kama sentimita saba kutoka chini, hapo ndo bonde la Belham linapoingia baharini, uvute kwenda kulia ukipanda kidogo mpaka kama sentimita kumi kwenye pwani ya mashariki. Sio sahihi kwa mita lakini inatosha. Chini ya huo mstari ni eneo lililofungwa, zaidi ya nusu ya kisiwa. Piga mistari ya mshazari huko chini kote. Karibu watu wote wanaishi juu yake.

Juu ya mstari jaza sasa, na utaona kila kitu kimebanana. Brades kama sentimita tatu na nusu kutoka ncha ya juu, upande wa kushoto. Little Bay pembeni yake, ndo ilipo bandari na mji mpya unapotarajiwa. Lookout upande wa mashariki, mtaa uliojengwa kwa ajili ya waliokimbia kusini. Uwanja mpya wa ndege umefunguliwa 2005, leo unaitwa John A. Osborne, njia yake ya kurukia ni fupi sana, haifiki hata mita 700, kwa hiyo zinatua vindege vidogo tu kutoka Antigua, dakika kama 20 umefika. Wenye roho nyepesi wanashauriwa wasikae dirishani, huo ni ushauri wangu mimi sio wa serikali.

Weka pia alama moja ndogo, Runaway Ghaut. Ghaut wanatamka "gat", ni korongo la maji ya mlimani, na hili liko kando ya barabara na bomba la kunywea limewekwa, wenyewe wanasema ukinywa maji yake lazima utarudi tena Montserrat.

Watu. Pembeni ya karatasi chora mshale unaotoka nje ya kisiwa kwenda kulia juu, tena uwe mnene. Kabla ya mlipuko walikuwa zaidi ya elfu 10, sensa ya 1991 ilihesabu 10,639. Ndani ya miaka mitatu ya volkano wengi waliondoka, wengine visiwa jirani, wengi zaidi Uingereza. Leo wako kama 4,400, idadi ambayo kwetu ni wanafunzi wa shule mbili tatu za kata. Na sio wote ni wenyeji wa asili, kuna wengi wametoka Guyana, Jamaika, Jamhuri ya Dominika, wakaja kufanya kazi.

Asili yao kubwa ni Afrika Magharibi, mababu waliletwa utumwani kulima miwa. Waingereza walianza makazi 1632, na wazungu wengi waliokuja walikuwa Wakatoliki wa Ireland, ndo maana utakuta majina kama Riley, Farrell na Meade, vijiji vinaitwa Kinsale na Cork Hill, na pasipoti yako wanaigonga muhuri wa jani la Ireland lenye vipande vitatu. Wageni wanapenda hii hadithi kupita kiasi, wakiona mwezi Machi watu wamevaa kijani wanadhani ni Ireland ya kitropiki. Tarehe 17 Machi kweli ni sikukuu ya taifa, lakini watumwa mwaka 1768 waliichagua siku hiyo hiyo kuasi kwa sababu walijua mabwana zao wa Ireland watakuwa wamelewa, siri ikavuja, viongozi wakanyongwa. Hao ndo wanaokumbukwa, na serikali ilifanya siku hiyo kuwa ya mapumziko kuanzia 1985. Chakula cha sherehe ni goat water, usiogope jina, ni mchuzi wa mbuzi wa kukolea haswa.

Serikali iandike kwenye shingo pale juu, ndiko iliko. Montserrat sio nchi huru, ni eneo la ng'ambo la Uingereza. Juu kabisa ni Mfalme Charles III. Chini yake Gavana, na hapa Wakenya mnisikilize, sio gavana wa kaunti wa kupigiwa kura, huyu anateuliwa kutoka London kama wale wa kabla ya 1963. Yeye ndo anashika mambo ya nje, ulinzi na polisi, na kikao cha mawaziri yeye ndo mwenyekiti. Kisha kuna Premia, ambae anatokana na wabunge waliochaguliwa. Zamani cheo kilikuwa Waziri Kiongozi, kama kile kilichokuwepo Zanzibar, katiba mpya iliyoanza kutumika 2011 ndo ikabadili jina. Aliyepo ni Reuben Meade, alirudi baada ya uchaguzi wa 2024, na ndo huyo huyo aliyekuwa Premia wa kwanza.

Bunge lina viti 9 vya kuchaguliwa, pamoja na mwanasheria mkuu na katibu wa fedha wanaoingia kwa vyeo vyao. Sasa rudi kwenye mstari wako. Zamani kulikuwa na majimbo saba, kila jimbo mbunge wake. Volkano ikafunga kusini, majimbo ya huko yakabaki na mawe na jivu, huwezi kuwa mbunge wa jivu. Kwa hiyo kuanzia uchaguzi wa 2001 kisiwa kizima ni jimbo moja, na mpiga kura anaweza kuchagua watu mpaka tisa kwenye karatasi moja.

Usichanganye na Mayotte, kile kisiwa cha Ufaransa jirani na Komoro. Mayotte inapeleka wabunge Paris, Montserrat haina mbunge London hata mmoja, ingawa toka 2002 watu wake ni raia kamili wa Uingereza na wanaweza kuhamia huko kesho asubuhi. Na zaidi ya nusu ya bajeti inatoka huko huko London. Pesa lakini ni dola ya Karibea Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani, na kwenye CARICOM, jumuiya ya nchi za Karibea, ni mwanachama kamili, tofauti na Anguilla au Cayman ambao ni washirika tu.

Kitu cha mwisho cha kuchora ni meli ndogo kwenye gati la Plymouth, ndio, ule mji uliofukiwa. Gati lake lilibaki linatumika, linapakia mchanga wa volkano unaouzwa visiwa vingine kwa ujenzi, malori yanaingia eneo lililofungwa kwa kibali na kutoka. Kuingia kunategemea kiwango cha hatari, kuanzia 1 mpaka 5, kinachotokana na vipimo vya kituo cha kuchunguza volkano, kikibadilika na ruhusa zinabadilika. Kwa hiyo vingine vyote pitia kwa kalamu ya wino, ule mstari uache kwa penseli.