Mgonjwa kabadilika: jinsi ya kumwita daktari wa zamu akaja

"Dokta, mgonjwa wa kitanda cha 6 kabadilika." Hilo si ombi, ni habari, na daktari aliyeamshwa usingizini ataijibu kama habari: "Haya, endelea kumwangalia." Kinachomtoa kitandani ni namba.

Anza na pumzi. Hesabu dakika nzima, na usimwambie mgonjwa unahesabu nini, maana akijua tu anabadilisha anavyopumua. Hapa ndipo tunapoharibu: fungua mafaili, utakuta wodi nzima inapumua 20, mzee wa pumu na kijana aliyevunjika mguu sawasawa. Na pumzi mara nyingi hupanda kabla presha haijashuka.

Halafu oksijeni. Mama aliyetoka harusini ana piko vidoleni; weusi ule huzuia mwanga wa kifaa cha kidoleni, kikatoa namba ya uongo au kisisome kabisa. Tafuta kidole kisichopakwa, hata cha mguu, na kikiwa baridi kisugue kwanza. Presha, mapigo, joto na fahamu unavijua.

Kwa mtu mzima asiye mjamzito, jedwali la NEWS2 la Uingereza (2017), la kumtambua mgonjwa anayezidiwa, linatoa alama 3 kwa kila kimoja cha hivi: pumzi 25 au zaidi, oksijeni 91 au chini, presha ya juu 90 au chini, mapigo 131 au zaidi, kuchanganyikiwa kulikoanza sasa. Kimoja tu kinatosha kupiga simu. Jumla ikifika 7, ni dharura. Na jamaa akikwambia "huyu leo si yeye", pima upya hata kama umepima sasa hivi.

Usimwache mgonjwa, mwengine apige, au piga ukiwa kitandani pake. Mkalishe kitako kama presha inaruhusu, mpe oksijeni, weka njia ya mshipa, pima sukari.

Kwenye simu salamu moja inatosha, habari za watoto zitaulizwa asubuhi. Kisha:

"Dokta, ni sista wa zamu, wodi ya wanawake. Mama wa miaka 60, nimonia, siku ya pili. Pumzi 28, oksijeni 89 bila mashine, presha 88 kwa 50, kaanza kuchanganyikiwa saa sita hii. Nahisi maambukizi yameingia kwenye damu. Naomba uje sasa hivi. Nianze na nini kabla hujafika?"

Mrudilie maagizo yake, muulize atafika saa ngapi, na andika saa ya simu kwenye faili. Asubuhi kila mtu huwa na saa yake.

Dakika 15 zikipita, piga tena. Kimya, mpigie aliye juu yake, kisha mganga mfawidhi. Huhitaji ruhusa ya yule wa kwanza. Namba zao zibandikwe mezani, na simu ya wodi iwe na salio, maana salio huisha usiku.

Ikiamuliwa rufaa, hospitali inayopokea ipigiwe kabla gari halijawashwa. Karatasi peke yake haimwandalii mtu kitanda. Kisha mtungi wa oksijeni: ujazo wake kwa lita, mara baa (kipimo cha mgandamizo) zinazosomeka kwenye geji. Wa lita 10 wenye baa 60 una lita 600; ukimpa lita 10 kwa dakika, ni saa moja tu, na Micheweni hadi Mkoani ni kukipita kisiwa cha Pemba karibu chote. Soma geji mwenyewe. Ukimuuliza dereva, atakwambia umejaa.