Jinsi ya kupima ushindani wa watengenezaji wa ndege binafsi baada ya kampuni kununuana

Swali ni moja: kampuni moja ikimnunua mshindani wake, mnunuzi wa ndege anabaki na pa kukimbilia? Mfano wetu ni Textron, yenye Cessna tangu 1992, ilipoinunua Beechcraft mwaka 2014 kwa takriban dola bilioni 1.4. Unahitaji Excel, takwimu za mwaka za chama cha watengenezaji, GAMA, na hati za vyeti vya aina (idhini za muundo wa kila ndege) za FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Takwimu za robo mwaka ziache, zina mapengo.

Hatua ya 1: Panga kwa mmiliki

Jina lililochorwa ubavuni mwa ndege lisikuzuge. Cessna, Beechcraft na, tangu 2022, Pipistrel, zote ni Textron. TBM na Kodiak ni za Daher, iliyoinunua Quest, mtengenezaji wa Kodiak, mwaka 2019. Cirrus ilinunuliwa na AVIC ya China mwaka 2011, na Diamond ikaenda kwa Wanfeng, ya China pia, mwaka 2017. Hizo mbili usizijumlishe, wenyewe ni tofauti. Ukiwa na shaka, fungua hati ya cheti (ya King Air 200 na 300 za Beechcraft ni A24CE) usome jina la mwenye cheti, kisha umtafute mzazi wa kampuni hiyo.

Hatua ya 2: Weka mipaka ya soko

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Ukitia ndege zote kapu moja, soko litaonekana lina afya tele, kumbe anayetaka jeti kubwa ya Gulfstream hatakubali Cessna 172 ndogo ya pistoni hata ukimpa kwa nusu bei. Tenganisha angalau pistoni (injini kama ya gari) na taboprop (injini ya jeti inayozungusha panga), za injini moja na za injini mbili, kisha jeti ndogo, za kati na kubwa.

Hata hapo bado. Chukua taboprop za injini moja: Caravan ya Cessna, Kodiak, PC-12 ya Pilatus na TBM. Caravan na Kodiak hazina mgandamizo wa hewa ndani, magurudumu yake hayakunjwi, na zimeundwa kwa viwanja vifupi vya udongo. TBM ni ya mwenye haraka. Kampuni inayopeleka watalii Maasai Mara au Serengeti haiziweki TBM na Caravan kwenye mzani mmoja. PC-12 ndiyo inayosumbua: ina mgandamizo, lakini ina mlango mkubwa wa mizigo na inatua kwenye udongo. Fanya hesabu mara mbili, ikiwemo na isipokuwemo, na jibu likibadilika liandike hivyo hivyo kwenye ripoti.

Kipimo cha mpaka: bei ikipanda asilimia 5 na kubaki huko, wateja watahamia ndege gani? Waulize wanaorusha ndege. Wauzaji watakwambia kila ndege ni mshindani wao.

Mtego mwingine ni mwaka wa kuanzia. Ukilinganisha 2013 na 2015, ununuzi wa Beechcraft unaonekana haukudhuru mtu. Cessna ilishaacha taboprop za injini mbili miaka ya 1980, kwa hiyo King Air haikuwa na mpinzani humo ndani. Jeti za Hawker, za kampuni hiyo hiyo ya Beechcraft (wakati huo Hawker Beechcraft), ambazo zingepambana na jeti za Citation za Cessna, zilishakufa kwenye ufilisi uliofunguliwa Mei 2012. Beechcraft ilipotoka mahakamani Februari 2013 haikuwa ikitengeneza jeti tena. Mshindani aliondoka kabla ya ununuzi, si kwa sababu yake. Anza 2011 au nyuma zaidi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya HHI (kipimo cha soko kushikwa na wachache)

Jumlisha ndege zilizokabidhiwa kwa miaka mitatu, maana oda moja kubwa ya kampuni ya kukodisha inaweza kupindua mwaka mzima. Tafuta mgao wa kila mmiliki kwa asilimia, upige kipeo cha pili, ujumlishe. Kwa namba za mazoezi: 40, 30, 20 na 10 zinatoa 3000. Wa 20 akimnunua wa 10, ongezeko ni 2 × 20 × 10, yaani 400. Rudia kwa thamani ya dola. Kwenye jeti, idadi pekee haina maana.

Hatua ya 4: Linganisha na viwango

Miongozo ya Marekani ya kukagua kampuni zinazoungana, ya 2023, inatia shaka HHI ikizidi 1800 na ongezeko likipita 100. Ya 2010 ilikuwa 2500 na 200. Kwa muungano wa 2014 tumia ya 2010.

Hatua ya 5: Angalia injini

HHI haioni kitu hiki. King Air, Caravan, Kodiak, PC-12 na TBM zote zimeruka miaka yote kwa injini ya PT6 ya Pratt & Whitney Canada. Kwenye pistoni, mtengenezaji wa injini Lycoming ni wa Textron, na Piper, mshindani wa Cessna, hununua injini huko huko. Sehemu hii iandikie ukurasa wake, hata kama HHI imetoka ndogo.

Hatua ya 6: Orodhesha ndege zilizoacha kutengenezwa

Cessna iliinunua Columbia, mtengenezaji mwingine wa ndege za pistoni, mwaka 2007, na ndege ile, iliyoishia kuitwa TTx, ikasimamishwa 2018. Bombardier ilikabidhi Learjet ya mwisho 2022. Kwa kila ndege iliyoacha kutengenezwa andika nani anatoa vipuri sasa na dhamana imebaki kwa nani. Kwenye ufilisi wa Hawker Beechcraft, wenye jeti za Premier na Hawker 4000 walipoteza dhamana zao.