Mambo ya kuangalia kabla hujanunua na kushusha gari ya zamani ya Kimarekani ukiwa Tabora

Kama umepata Impala au pikapu ya Chevrolet, Mustang ya Ford au Dodge Dart imelala chini ya mwembe wa mtu na mwenyewe yuko tayari kuiachia, tulia kwanza kabla hujatoa hata mia. Najua unachowaza, unaiona tayari iko chini, rimu zinang'aa, unapita nayo taratibu jioni njia ya kwenda stesheni na shingo zote zimegeuka. Mimi hizi gari nazipenda kuliko gari yoyote ya kisasa na nataka yako iishe, itembee, ndo maana naandika haya. Kitu kimoja ukishike: kushusha, yaani kuilaza gari ikae chini karibu na lami, ni kazi ya mwisho kabisa, na hela inayoua hizi gari gereji haiendi kwenye kushusha, inaenda kwenye vitu ulivyoviruka mwanzo.

Anza na karatasi. Gari bila kadi ni skrepa hata ingekuwa nzuri vipi. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, na kama mzee mwenye gari alishafariki basi watoto wawe na karatasi za mirathi za mahakamani, usikubali habari za tutamalizana baadae maana siku gari ikianza kung'aa ndo ndugu wanajitokeza. Soma namba ya chasisi mwenyewe kwa tochi ulinganishe na kadi, kwa Chevrolet za 1968 kuja mbele kibati kiko juu ya dashibodi upande wa kushoto unakisoma kupitia kioo, za nyuma ya hapo kiko kwenye nguzo ya mlango wa kushoto. Namba ya injini nayo iangalie, nyingi ya hizi gari zilishabadilishwa injini miaka na miaka na kadi ikabaki vilevile, na hilo litakuwa tatizo lako sio la aliyekuuzia. Kuhusu kuagiza Marekani badala ya kutafuta humu ndani, piga hesabu za ushuru kwanza, kuna ushuru wa ziada wa uchakavu kwa gari kuukuu, ongeza meli, ongeza bandari, kwa bajeti ya mtu wa kawaida hapo safari imeishia Dar. Na usukani ukiwa kushoto ujue kabisa kwamba kulipita lori barabara ya Nzega utahitaji mtu wa kukuangalizia upande wa pili.

Baada ya karatasi ni kutu, na hapa usimwamini mtu, amini mkono wako. Tafuta sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ifunge kitambaa chembamba isikwangue rangi, alafu ipitishe taratibu chini ya milango, kuzunguka matairi, chini ya kioo cha mbele na kwenye sakafu ya buti. Ikishika kwa nguvu kuna bati, ikiteleza na kudondoka hapo kuna puti tupu, mtu alijaza akapiga rangi juu. Alafu ingia chini na bisibisi uchomechome chasisi hasa pale inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma, maana matope yanakaa pale miaka. Impala na pikapu zina chasisi kamili chini ya bodi, kwahiyo bodi ikiwa imeoza na chasisi nzima bado unaongea. Mustang haina chasisi ya kujitegemea, bodi yenyewe ndo chasisi, sakafu ikioza gari nzima inalegea, kwahiyo Mustang iliyooza chini iache hata kama bei inakutoa udenda. Bati la bodi mafundi wa hapa wanalitengeneza vizuri sana, kukunja, kuchomelea, kunyoosha, hiyo kazi wanaiweza kabisa na bei yake inaeleweka. Usichoweza kukipata kirahisi ni vioo, taa za nyuma, grili na urembo wa bampa, kwahiyo gari yenye bati baya lakini vioo na urembo wote upo ni bora kuliko ile yenye bati zuri ambayo imeshachunwa.

Spana. Watu wanalichukulia poa hili alafu wanaua bolti zote. Gari hizi ni za inchi. Bolti yenye kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, kwahiyo spana namba 13 inaingia lakini inacheza, na ukikaza nguvu inakula kona zote. Yenye kichwa cha 9/16 ni milimita 14.29, namba 14 haiingii kabisa na 15 inazunguka bure. Zinazokubaliana ni 3/4 kwa namba 19, na 5/8 kwa 16 unaweza kuponea. Ulizia kwa mafundi wa Land Rover za zamani na wa matrekta ya Massey Ferguson huko kwenye tumbaku, wengi wanazo spana za inchi, azima au nunua seti moja ya kwako. Na ukiwa na Dodge au Plymouth ya kabla ya 1970, nati za matairi ya upande wa kushoto zinafunguka kinyume, angalia kichwa cha stadi (bolti inayoshika nati ya tairi) kama kina herufi L. Fundi asiyejua anaongeza bomba kwenye spana, anaongeza na uzito wake juu, stadi inakatika, anasema kutu. Sio kutu.

Breki zinakuja kabla ya injini, na ukisema tuache breki kwanza tusikie mlio sitakubaliana na wewe kamwe. Gari za Marekani za kabla ya 1967 nyingi zina masta silinda (pampu ya breki) ya chumba kimoja, mpira mmoja ukipasuka tairi moja, gari nzima haina breki. Weka ya vyumba viwili, badilisha mipira yote ya breki na bomba zilizooza, hiyo ni hela ya lazima. Kama hela haitoshi kwa breki za diski baki na ngoma zako, ngoma zilizotengenezwa vizuri zinasimamisha gari ya kutembea mjini bila shida.

Injini sasa. Kila mtu anataka V8, lakini kama gari uliyoipata ina silinda 6 za mstari mmoja shukuru. Ile 250 ya Chevrolet (namba hizi ni inchi za ujazo) ni lita 4.1, ile Slant Six 225 ya Dodge ni lita 3.7, zote ngumu, rahisi, na mwanafunzi wa gereji anazielewa, wakati 350 V8 ni lita 5.7 na hapo kila ukipita sheli unaingia. Kutoa injini ukaweka ya Toyota inaonekana rahisi mdomoni ila hesabu mauntingi, propela shafti, radieta, waya, na kadi tena. Petroli isikutishe. Injini za kabla ya miaka ya 1970 zilitengenezwa kwa petroli yenye madini ya risasi, na huku kwetu kusini mwa Sahara ile tuliachana nayo mwanzoni mwa 2006, siti za valvu za ekzosi zinaweza kuliwa taratibu kama unakimbiza sana, ila kwa kutembea mjini tumia tu, siku ukifungua silinda hedi ndo uweke siti ngumu. Gari ya kabla ya 1955 angalia betri, nyingi ni volti 6, ukiweka ya 12 bila kubadilisha chochote unaunguza.

Haya, kushusha. Kabla hujagusa springi nenda kapime matuta. Impala za 1959 mpaka 1970 umbali wa kati ya tairi la mbele na la nyuma ni inchi 119, yaani mita 3 na kidogo, wakati Toyota IST ile ya mwanzo ni mita 2.37. Tuta pana ambalo IST inalipanda na kulishuka vizuri, wewe tairi za mbele zimeshashuka na za nyuma hazijapanda na tumbo limekaa juu ya lami. Chukua bomba la mita 3, lilaze juu ya tuta lielekee kama gari inavyopita, liweke sawa kabisa, pima kutoka kwenye bomba mpaka chini kwenye ncha zote mbili. Hiyo ndo nafasi unayohitaji chini ya tumbo, ekzosi ikiwemo, na ipime gari ikiwa na watu watano ndani sio ikiwa tupu. Pima na kidaraja cha mtaro wa kuingilia kwako, maana wengi wanapita barabarani vizuri wanakwama getini.

Njia ya bei rahisi kuliko zote ni tairi. Ukitoka 215/70R15 ukaenda 205/65R15 gari inashuka kama milimita 17 bila kukata kitu. Mustang za V8 na Ford nyingi zina bolti 5 kwenye duara la milimita 114.3 sawasawa na Mark II, kwahiyo rimu za Mark II unaweza kuziona zinaingia kwenye stadi, ila tundu la katikati la Toyota ni milimita 60.1 na habu ya Ford ni nene zaidi, kwahiyo lazima fundi wa lethi aitanue, na nati za Toyota haziingii kwenye stadi za Ford, uzi ni tofauti. Dodge za zamani mbele wanatumia toshen ba (fimbo ya chuma inayojisokota) badala ya springi, hapo unazungusha bolti moja kila upande gari inashuka, bure kabisa.

Kwenye springi za koili, usichome kwa gesi. Narudia, usichome. Chuma kikipata moto ule kinapoteza nguvu ya kurudi, gari inalala siku hiyohiyo na mwezi ujao imelala zaidi upande mmoja. Kata kwa grenda, diski nyembamba, huku unamwagia maji, na kata nusu mzunguko tu kwa mara moja. Sababu ni kwamba kwenye Chevrolet springi inakaa katikati ya mkono wa chini (chuma kinachounganisha tairi na chasisi) na sio kwenye tairi, ukipunguza inchi 1 kwenye springi tairi inapanda karibu inchi 2. Rudishia, ishushe chini, iendeshe kidogo ikae, ndo upime kutoka katikati ya rimu mpaka ukingo wa fenda, pande zote mbili. Wakati wa kutoa springi pitisha mnyororo ndani yake uufunge kwenye chasisi, weka jeki chini ya mkono na ushushe polepole, springi iliyobanwa ikiruka inaua mtu. Mustang yenyewe springi ya mbele iko juu ya mkono wa juu, hiyo inataka kibano chake maalum, usiibahatishe.

Nyuma kama kuna springi za kupangana kama za Fuso, na ekseli imekaa juu ya springi, unaweka bloku ya chuma kati ya springi na ekseli na yubolti ndefu zaidi, bloku moja tu, usipange mbili na usiweke mbao. Ikianza kutetemeka kwenye spidi jua pembe ya difu imebadilika, inawekewa kabari. Shokapu badilisha uweke fupi, za mwanzo zitakuwa zinagonga mwisho na zitakufa haraka.

Kazi ya rangi ipange baada ya mvua kuisha, kuanzia Mei, asubuhi mapema kabla upepo haujaanza na sakafu imemwagiwa maji. Fundi mlipe kwa hatua, breki zikiisha hela ya breki, bodi ikiisha hela ya bodi, usimpe yote. Kila unachofungua kipige picha kwa simu na bolti zake weka kwenye kopo la Blue Band lenye jina lake. Ukishamaliza kushusha, pakia watu watano, zunguka Kanyenye na Isevya mpaka Ipuli ukasikilize nini kinagusa, rudi ukaze yubolti zote upya, alafu ndo upeleke alaimenti.