Kutambua maambukizi zaidi ya moja kwa msafiri aliyerejea kutoka nchi za tropiki

Kosa la kawaida ni kuacha kutafuta pale jibu la kwanza linapopatikana. Msafiri mwenye homa apimwe malaria siku hiyohiyo, kwa hadubini na kipimo cha haraka, na majibu yakiwa hasi vipimo virudiwe kila baada ya saa 12 hadi 24 mpaka vitimie vitatu. Yakiwa chanya, tiba ianze mara moja, lakini jalada lisifungwe.

Panga tarehe za safari kando ya siku homa ilipoanza. Dengue hujitokeza ndani ya siku 14 tangu mbu alipouma, kwa hiyo homa iliyoanza wiki ya tatu baada ya kurejea haiwezi kuwa dengue ya safari hiyo, ilhali homa ya matumbo na malaria bado zinawezekana. Uliza pia kama aliogelea mtoni au ziwani, maana hapo ndipo homa ya mgunda (leptospirosisi, ugonjwa wa bakteria) na kichocho huingia.

Damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe kabla ya antibiotiki, hata kama vimelea vya malaria vimeonekana. Chembe sahani, yaani chembe zinazosaidia damu kuganda, zikishuka, usiegemee upande mmoja, kwa kuwa malaria na dengue zote huzishusha. Kingamwili za dengue nazo zisomwe kwa tahadhari, kwani chanjo ya homa ya manjano inaweza kuzipotosha.

Mgonjwa ambaye vimelea vinapungua huku homa ikiendelea baada ya siku tatu za dawa achunguzwe upya.