Taa ya Tatu ya Kijani Isipowaka: Gia ya Piper Arrow Ikigoma Juu ya Dodoma

Unarusha Piper Arrow, ndege ndogo ya injini moja. Umeshusha gia, yaani magurudumu ya kutulia, na taa mbili tu za kijani zimewaka kati ya tatu, moja kwa kila gurudumu. Ongeza nguvu, panda, uuarifu mnara. Mmoja arushe ndege, mwenzake ashughulikie gia. Mwalimu na mwanafunzi wakiinamia swichi wote wawili, mwendo hushuka bila mtu kuona, na hilo huua kuliko gia yenyewe. Arrow hula takriban lita 38 za mafuta kwa saa. Piga hesabu ujue una dakika ngapi.

Swichi kuu imewashwa? Sakiti breka (kikata umeme) ya pampu ya gia imeruka? Irudishe mara moja tu. Ikiruka tena, iache. Zima taa za paneli, kwa sababu zikiwaka hufifisha zile za kijani, na kwa jua la Dodoma hutaziona kabisa. Kisha chomoa balbu inayowaka, uichomeke palipo giza. Ikiwaka hapo, kilichokufa ni balbu.

Bado? Punguza mwendo chini ya noti 87 (maili za baharini kwa saa), swichi ya gia ikiwa chini, kisha sukuma chini mkono wa dharura ulio kati ya viti. Arrow haina kufuli la kushikilia magurudumu juu. Yanashikiliwa na presha ya haidroliki (mafuta yanayosukumwa na pampu) peke yake. Ukiiachia, yanaanguka kwa uzito wake. Lakini gurudumu la mbele hushuka likikabiliana na upepo, ndiyo maana mwendo lazima uwe mdogo. La chini ya bawa likining'inia, piga pedali za usukani kushoto na kulia kwa nguvu hadi lijifunge.

Likikataa kabisa, tua kwenye lami. Udongo laini hunasa ndege. Mwambie mnara mapema: ukikwama kwenye njia hiyo moja, ndege zinazotoka Dar hazitatua, na zimamoto wanahitaji muda wa kujipanga. Uwanja uko futi 3,670 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi. Adhuhuri ya nyuzi 30, geji ikisoma noti 70, mwendo wako halisi unakaribia 77. Ardhi itaonekana inakimbia. Usivute pua ya ndege juu kwa hofu.

Fyatua komeo la mlango kabla ya kugusa lami, usije ukakwama. Usizime injini mapema ili kuokoa pangaboi. Ukiwa na hakika lami umeifikia, funga mafuta, zima magneto (zinazotoa cheche za injini) na swichi kuu.

Mlango ni mmoja, kulia, juu ya bawa. Mwalimu aliye kulia hutoka kwanza. Mwanafunzi afungue mkanda akiwa nyuma yake tayari.