Namna ya kuchunguza ajali katika mazoezi ya moto halisi

Mwanafunzi wa zimamoto anapoungua au kufa mazoezini, wengi huuliza mara moja alikosea wapi. Mchunguzi makini huanza kwingine: nani aliuwasha moto, kwa kuni gani, mahali pangapi, na kwa idhini ya nani.

Majeruhi akishaondolewa, eneo lifungwe. Mavazi ya kinga yasifuliwe, mtungi wa hewa usijazwe upya, na kipimo chake kipigwe picha kama kilivyokutwa. Mabaki ya vilivyochomwa yahifadhiwe pia, kwa sababu kiwango cha Marekani cha mazoezi ya moto halisi, NFPA 1403, ambacho ni rula nzuri ya kupimia hata mazoezi ya kwetu, kinataka kuni ambazo uwakaji wake unajulikana, kama mbao na majani makavu. Sponji ya kochi au godoro huwaka upesi na kutoa moshi wenye sumu. Huko Lairdsville, jimbo la New York, mwaka 2001, zimamoto mpya aliyewekwa ndani ya nyumba aigize mhanga alifariki baada ya kochi kuwashwa. Huko Baltimore, jimbo la Maryland, mwaka 2007, kurutu alifariki katika nyumba iliyowashwa sehemu kadhaa kwa pamoja. Kiwango hicho hakiruhusu mtu hai kuigiza mhanga, wala moto zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja ndani ya nyumba ya kawaida inayotumiwa kwa mazoezi.

Kazi ngumu zaidi ni mahojiano. Nchini Uganda zimamoto ni sehemu ya Jeshi la Polisi, na kurutu aliyezoea kujibu "ndiyo, afande" hatasema kwamba petroli ilimwagwa ikiwa aliyeimwaga ameketi mbele yake. Kwa hiyo wachunguzi watoke kikosi kingine, wamhoji kila mmoja peke yake kabla mashahidi hawajakaa pamoja na kulinganisha habari, na wamwache aseme kwa lugha anayoimudu, iwe Kiswahili, Kiganda au Kiacholi. Achore ramani ya chumba, aonyeshe mpira wa maji ulipokuwa na joto lilipozidi. Maelezo asomewe kabla ya kutia sahihi.

Kukagua nyaraka hakuchukui muda mrefu; tazama kama zinaonyesha mpango ulioandikwa, mkufunzi mmoja kwa wanafunzi wasiozidi 5, afisa usalama asiye na kazi nyingine ya kumvuruga, maji ya akiba. Mpango ulioandikwa baada ya ajali (hutokea) hutambulika kwa usafi wake.

Katika ripoti, kila pendekezo litajiwe mtekelezaji na tarehe. Mashtaka ya nidhamu yawe na faili lake, mbali na ripoti ya usalama, la sivyo mashahidi wa ajali ijayo watanyamaza.